Baba Saba kwenye Diski ya Marehemu

Mliokuwa nami juma lililopita mnajua nilivyojiaibisha. Kwa mliochelewa nitalirudia kwa ufupi, ingawa kulirudia ni kama kuvuliwa nguo mara ya pili.

Mimi Ernis, muuza simu wa soko la Naryn, nilikwenda kwa Mzee Asanaly kumposa mjukuu wake Saikal. Mzee hakuuliza nina kondoo wangapi wala nimesoma wapi. Aliniuliza baba zangu saba, tangu baba mzazi hadi kizazi cha saba, mmoja baada ya mwingine, kama kila mwenye haya anavyotakiwa kuwajua kabla ya kuoa, kusudi watu wa damu moja wasije wakaoana. Nikawataja watano bila kigugumizi. Kwa wa sita ulimi ulinikauka, nikatupa jina la kwanza lililonijia: Karager.

Mzee akaacha kutafuna kurut, yale madonge ya maziwa makavu yasiyomtoka mdomoni. "Karager namjua," akasema. "Jumapili alishika nafasi ya tatu mbioni. Farasi wa jirani yenu, ana doa jeupe kwenye paji."

Nyumba nzima ilicheka, na Saikal pia, mkono mdomoni. Mzee akanipa hadi Jumamosi, siku ambayo mama yangu alikuwa amepanga kwenda kumvisha Saikal hereni za uchumba. Nikija na baba saba wa kweli, kwa mpangilio, hereni zitavaliwa. La sivyo mama arudi nazo, maana yupo mposaji mwingine, Mirlan, daktari wa mifugo, ambaye baba zake huwataja hadi wa kumi na mbili hata usingizini.

Sasa ungamo lenyewe. Sikuwasahau baba zangu. Nilikataa kujifunza.

Marehemu baba yangu Toktosun alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi, na majina yote aliyaandika kwenye daftari. Nikiwa na miaka kumi na tano aliniita nikae naye tuyasome. Mimi nilikuwa nataka kwenda kucheza mpira. Nikamwambia, baba, karatasi huliwa na panya, yaweke kwenye kompyuta, nitayasoma siku nikiyahitaji. Alifurahi kweli. Alikwenda kumwambia kila mtu kuwa mwanawe ana akili ya kisasa. Akayaingiza kwenye kompyuta, daftari likawashiwa jiko, na majira ya baridi matatu yaliyopita akafariki.

Nikamwendea Apa, yaani mama. Apa anawajua wote saba, na hilo ndilo lililoniuma. Mama mkwe wake alimfundisha siku ya tatu ya ndoa. Lakini mke wa kwetu hataji majina ya wanaume wakubwa wa upande wa mume, wawe hai wawe wafu. Huwatafutia majina ya kuzungukia. Kwa hiyo mimi nimekua nikisikia habari za Mzee wa Nyuki, Mwenye Kicheko, Wa Mguu Mmoja, Mpiga Chuma, Aliyeletwa na Theluji, na Mkubwa Wao. Waliobatizwa hivyo waliitwaje na mama zao, Apa hasemi.

Nikamwomba aandike. Akasema kuandika ni kutaja kwa vidole. Nikamwomba atikise kichwa tu, mimi nikikisia. Akasema umri wake wa michezo umepita. Kisha akainuka, akapangua matandiko ya wageni yaliyokunjwa juu ya sanduku, akatoa kitu kizito kilichofungwa kwenye shali ya baba. Ilikuwa diski ya kompyuta yake ya zamani.

Mimi nauza simu, wasomaji wangu, na muuza simu hujiona fundi wa kila chenye waya. Nikaichomeka diski kwenye kompyuta yangu. Ikanguruma, ikatoa mlio wa mzee anayeinuka kitini, kisha kwenye skrini yakaja maneno: diski hii haisomeki, unataka kuifomati ili itumike? Nikaona ni ukarimu mkubwa. Ili itumike, nani asiyetaka? Nikapeleka mshale kwenye Ndiyo.

Skrini ikazimika. Apa alikuwa amechomoa waya wangu ukutani ili achomeke birika la chai. Nilimgombeza. Hadi leo namwomba radhi, maana ningebonyeza, ukoo mzima ungefutika kwa kidole kimoja.

Alhamisi asubuhi tulikwenda kwa Venera, fundi wa kompyuta mwenye kibanda kati ya wauza kofia na wauza nyama. Apa alikataa kuniachia diski, akaikumbatia njia nzima. Venera alikuwa mwanafunzi wa baba, yule ambaye jina lake lilitajwa mezani kwetu kila mimi nilipofeli hesabu. Nilipomweleza nilichotaka kubonyeza, aliisogeza diski mbali na mkono wangu.

"Mdogo wangu," akasema, "kweli mwalimu ndiye aliyekuzaa wewe?"

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Diski haikuwa tupu. Diski ni kama hema: kompyuta yangu ililitazama kwa nje, ikakosa kuuona mlango, ikadhani hakuna mtu ndani. Watu wengi hugawa diski kwa kuta, ukikosea kipimo ndiyo basi. Baba aliikusanya nafasi yote pamoja akaipa jina moja kama kundi, kisha akaigawa vyumba kwa mapazia, kama tunavyoligawa hema la sufu wageni wanapozidi. Pazia unalisogeza upendavyo. Hata ukiwa na mahema mawili unaweza kuyaunganisha, chumba kikaanzia hema hili kikaishia lile.

Hilo la mahema mawili lishikeni. Mimi nililiacha litokee sikio la pili.

Kwanza akainakili diski yote, maana ya wazee haifai kuisumbua mara mbili. Zilikwenda saa tatu. Apa akanywa bakuli nane za chai na kumhoji Venera kwa nini hajaolewa. Kazi ilipoisha, Venera akaiamuru kompyuta yake ilitafute kundi la baba, nayo ikagoma. Kundi la baba lilikuwa linaitwa Aiyl, yaani kijiji. La kompyuta ya Venera pia linaitwa Aiyl. Ndivyo mwalimu alivyowafundisha wote kuliita, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyethubutu kuchagua jina lake mwenyewe. Sasa kompyuta imeona vijiji viwili vya jina moja na haijui iingie kipi.

Nikamwambia dawa ni rahisi, abadili jina la lile la baba. Hata mimi nalijua hilo. Venera akasema hawezi kubadili jina la kitu cha mwalimu wake aliye kaburini. Akabadili la kwake. Nikamwonya kuwa kesho kompyuta yake ikiwashwa itatafuta jina la zamani, isilione, ikatae kuwaka.

"Najua, nitaitengeneza," akasema bila kunitazama. "Wewe uliyemgeuza farasi kuwa babu usinifundishe mambo ya majina."

Naryn ni mji mdogo. Habari zilikuwa zimeshafika kwa wauza nyama.

Akaliamsha kundi, akaomba orodha ya vyumba. Vikatokea saba, kila kimoja na jina lake: Abdykerim, Bayish, Eshimbek, Kojobek, Sydyk, Toktosun, Turgunbay. Baba alikuwa amevipa vyumba majina ya baba zake. Apa aliposikia Venera akiyasoma, aligeuza kiti akatazama ukuta na kujifunika kitambaa, kama mke aliyevamiwa na wakwe sita bila taarifa.

Nilitaka kukimbia moja kwa moja hadi kwa Mzee Asanaly. Venera akanishika shati. Kompyuta haijui baba wala babu, hupanga watu kwa alfabeti. Watano niliwajua na nafasi zao. Eshimbek na Kojobek ndio waliobaki, na sikujua yupi alimtangulia mwenzake. Ikabidi tufungue vyumba.

Katika kila chumba tulichofungua mlikuwa na sauti iliyorekodiwa. Tulianza na cha Toktosun. Baba akakohoa, akasogeza kiti, akasema, "Toktosun, mwana wa Abdykerim. Ernis, kama unasikiliza hii, basi mpira umeisha."

Nililia. Sisemi macho yaliloa, nililia mbele ya wauza kofia, na Apa akalia akiwa ameutazama ukuta.

Tukaenda mmoja mmoja. Abdykerim mwana wa Sydyk, Sydyk mwana wa Turgunbay, Turgunbay mwana wa Bayish, Bayish mwana wa Eshimbek. Halafu chumba cha Eshimbek: "Eshimbek, wa nyumba ya Kojobek mwenye kinu." Wa sita Eshimbek, wa saba Kojobek. Kazi imekwisha.

Nikampigia Saikal. Nikamtajia wote kwa kujidai, kidole kimoja kimoja. Nilipofika kwa Kojobek akanikatiza.

"Kojobek yupi?" akauliza.

"Mwenye kinu."

"Ernis, huyo ni wangu wa sita."

Wasomaji, nilikaa chini kwenye sakafu ya kibanda. Siku nne nilimtafuta baba wa saba, na nilipompata alikuwa ndiye anayenikataza. Wa saba kwangu, wa sita kwake, babu mmoja. Hereni haziwezi kuvaliwa. Saikal hakukata simu, na mimi nilikuwa bado nayo mkononi. Nampenda. Nimemchekesha msichana yule kwa miaka miwili, na mara hii pekee nilitaka asinicheke, na hakucheka.

Venera ndiye aliyelishtukia jambo. Katika vyumba vyote mwalimu alisema mwana wa fulani. Kwa Eshimbek tu alisema wa nyumba ya Kojobek. Mwalimu hakuwa mtu wa kupoteza neno. Akajaribu kukifungua chumba cha Kojobek mwenyewe, kikakataa. Kilikuwa kimeanzia kwenye diski hii na kuishia kwenye nyingine ambayo hatukuwa nayo.

"Apa, ile kompyuta ilikuwa na diski ngapi?" akauliza.

Apa alikunja pembe ya kitambaa. Kisha akaeleza, kwa sauti ndogo, kuwa vyuma vilikuwa viwili. Hiki alikitunza. Kile kingine, kwa kuwa kilikuwa kizito na bapa, alikiweka juu ya kifuniko cha pipa la kabichi kukandamiza achari. Kilifanya kazi vizuri majira mawili, hadi kikaota kutu, akakitupa.

Nikakumbuka jinsi nilivyoisifu kabichi ile. Niliomba niongezwe.

Venera hakumlaumu. Akakifungua chumba kwa nguvu, nusu iliyopo isomeke, nusu iliyooza kwenye chumvi isamehewe. Sauti ya baba ikaja na mikwaruzo: "Kojobek mwenye kinu alikuwa na wana watatu. Wawili aliwazaa. Wa tatu, Eshimbek, mwaka ule wa..."

Ikakatika hapo. Venera alirudia mara tatu, na mara zote tatu baba alinyamaza palepale.

Lakini mimi nilikuwa nimeshageuka kumtazama Apa. Aliyeletwa na Theluji. Miaka yote nilidhani ni mtu aliyezaliwa wakati wa baridi.

"Apa, aliletwa au alizaliwa?"

Alivuta kitambaa hadi puani. Nilijua anachokiogopa. Baba amezikwa kilimani kati ya watu wa Kojobek, na yeye ana mahali pake kando yake. Akisema Eshimbek aliletwa, mimi naweza kuoa, lakini sisi si wa kilima kile. Akinyamaza, kilima ni chetu na Saikal anakwenda kwa daktari wa mifugo.

Hapo simu ikazungumza, si kwa sauti ya Saikal. "Ernis, huyu mtoto aliniwekea sauti ya juu tangu mwanzo. Nimewahesabu pamoja nawe, na farasi leo hayumo, hongera." Mzee Asanaly alikuwa anatafuna. "Mwambie mama yako aseme. Kojobek ni babu yangu mimi, wa nne. Kaburi la mumewe hakuna atakayelisogeza, namwapia. Na kulitaja jina namruhusu leo, mara moja."

Apa akashusha kitambaa. Kwa miaka thelathini na mmoja sikuwahi kusikia, wala yeye mwenyewe hakuwahi kujisikia, akitaja jina la mkwe.

"Botobay," akasema. "Mtoto alikuwa wa Botobay. Mwaka wa theluji kubwa kijiji chao kilihama kikamwacha, Mkubwa Wao akamkuta kinuni, amelala ndani ya gunia. Mama mkwe aliniambia nisimwambie mtu."

Mzee akaacha kutafuna.

"Botobay nimemsikia Jumanne, hapahapa nilipokaa," akasema. "Mirlan alipowataja wake, Botobay alikuwa wa saba. Sasa sikiliza, kijana. Baada ya yule farasi siwezi kuchukua neno lako. Diski yako ni nusu, na mama yako naye aliambiwa tu. Niletee mtu wa ukoo wa Botobay aseme mbele yangu kwamba kwao mtoto alipotea mwaka ule. Jumamosi, kabla ya chai."

Mtu wa Botobay ninayemjua mimi ni mmoja.

Nilimkuta Mirlan kwa jirani yetu, ameinama, mguu wa nyuma wa farasi uko kwenye paja lake, anachokoa kwato. Farasi mwenyewe alikuwa Karager. Nimeshazoea sasa, bahati yangu haina aibu.

"Umekuja kumsalimia babu?" akauliza bila kuinua kichwa.

Nikavumilia. Nikamweleza yote, tangu diski hadi gunia, na nikamwita ndugu mara mbili, neno ambalo wiki iliyopita ningelimeza kabla ya kumpa. Akaushusha mguu wa farasi polepole. Akaenda kwenye ndoo akanawa mikono, akaifuta kidole kwa kidole. Uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Ni kweli," akasema. "Mtoto alipotea. Kwetu bado husomewa dua kila theluji ya kwanza inapoanguka, na hakuna aliyejua alifia wapi. Babu yangu angelia kukuona." Akanitazama usoni, akitafuta nadhani kitu cha kwao. "Lakini na mimi nampenda Saikal, ndugu yangu. Nikienda Jumamosi nikasema kweli, unaoa wewe. Nikinyamaza, naoa mimi. Niambie basi, na usinitajie farasi: ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Mbele ya ndugu niliyempata siku ileile, nilijua jibu la kweli ni kwamba mimi ningenyamaza.